Malkia wa Chungu kwenye Kichuguu cha Mama

Mimi chungu siwapendi. Naanza na hilo ili mtu asinisingizie, maana kuna watu hapa Malaba mpaka leo wanaapa kwamba nilisomea wadudu ng'ambo. Uongo mtupu. Mimi ni mwanamke mwenye loji ya vyumba vichache karibu na foleni ya malori ya mpakani, na elimu yangu yote ya chungu nimeipata kwa kugombana nao.

Sisemi wale wadogo wa sukari. Nasema wale weusi wakubwa, miguu mirefu, wanaopita ukutani jioni kama wateja waliolipa. Hao wanatoboa mbao. Mchwa angalau unamwelewa: ana njaa, anakula mbao, ndivyo alivyoumbwa. Hawa wangu mbao hawali. Wanachimba tu vyumba vyao ndani ya mlango wako, unga wanautoa nje, wanaurundika chini ya fremu, kisha wanakuachia wewe ufagie. Nimefagia milango yangu mwenyewe nikaimwaga jalalani kidogo kidogo. Siku moja dereva wa trela aliegemea fremu ya bafu akiongea na mkewe kwa simu. Fremu ikang'oka, akaanguka nayo. Mke akasikia kishindo, halafu akasikia sauti ya mwanamke ikilia, "Woi, umenivunjia!" Sauti ilikuwa yangu, na nilikuwa nalilia mlango. Sijui ndoa ile iliishia wapi.

Ndipo nikaingia kwenye mtandao kutafuta dawa. Sikujua kwamba kuna watu duniani, wazima, wenye kazi na familia, wanaofuga chungu. Wanawafuga kwenye vioo, wanawapa asali kwa ncha ya kijiti, na mmoja akifa wanaandikiana pole. Mimi nikaingia kwenye kikundi chao bila kujua. Nikapiga picha ya mmoja mnene niliyemkuta kwenye beseni baada ya mvua, nikaandika kwa Kiingereza changu cha risiti kwamba nimemkamata huyu, naomba msaada.

Wakaja mbio kama watu wa harambee. Hongera! Umebahatika! Ni malkia! Walitaka kujua urefu wake kwa milimita, amekamatiwa wapi, mvua ilikuwa imenyesha lini, ana mabawa au ameyaacha, na tafadhali nimpige picha nyingine ya ubavuni ili kiuno kionekane vizuri. Katika maisha yangu hakuna mwanamume aliyewahi kuuliza habari za kiuno kwa bidii namna ile, na kiuno chenyewe hakikuwa changu. Nikawaambia amekamatiwa bafuni. Wakasema nimweke gizani, nimwekee pamba yenye maji, nisimsumbue, ana mawazo mengi. Mimi nilikuwa nimeuliza dawa ya kumuua!

Wakamtaja jina. Walisema ukoo huo wenyewe unaitwa chungu seremala. Nilicheka peke yangu mapokezini mpaka mteja akaogopa kuomba ufunguo. Seremala gani anayekubomolea mlango bila kuitwa? Halafu nikawakumbuka mafundi niliowahi kuwaajiri, nikaona jina limekaa sawa.

Lakini kusoma ni kusoma, hata ukisoma kwa hasira. Nilikaa kwenye kikundi kile nikingoja mtu ataje dawa, na katika kungoja nikajikuta najua. Nikajua kwamba ukubwa wa kichwa si umalkia. Yule mwenye kichwa kama nyundo ni askari tu, na kifua chake ni chembamba. Malkia kifua chake kimevimba mgongoni, maana ndimo ilimokaa misuli ya mabawa. Kiuno chake kina kinundu kimoja. Vipapasio vimepinda kama kiwiko. Na kubwa kuliko yote: malkia aliyekwisha kupandwa hana mabawa. Anapandwa huko hewani, anashuka, anayavunja mwenyewe kwa miguu, anabaki na makovu madogo pembeni, halafu anaanza kutembea kwa miguu akitafuta mahali pa kujificha na kuzaa. Mwenye mabawa bado ni msichana. Au ni dume, na dume lina kichwa kidogo na halina kazi nyingine baada ya ile moja.

Basi habari zikatoka redioni kwamba kuna watu wamekamatwa wakiwa na chungu kwenye vichupa, eti huko nje malkia mmoja ana wanunuzi wanaopanga foleni. Redio ilitaja kesi. Malaba ikasikia soko. Hilo ndilo sikio la mpakani, linachuja. Kufikia mwisho wa juma loji yangu ilikuwa imegeuka zahanati. Watu walikuja na chupa za soda, pakiti za maziwa, soksi. "Mama, hebu niangalizie, huyu si malkia?" Niliangalia nyigu. Niliangalia mende mjamzito. Taniboi mmoja, msaidizi wa dereva wa lori, aliniletea jongoo amefungwa kwa uzi kama mbuzi, akaniuliza kama kwa urefu ule hatakuwa mfalme. Nilipomwambia hapana, alisema nina roho mbaya, sitaki vijana wainuke.

Na wa kwanza katika wote alikuwa kaka yangu.

Kaka yangu mkubwa ni ajenti wa forodha, na ajenti wa forodha haamini kwamba Mungu aliumba kitu kisichoweza kuvushwa mpaka. Amevusha mitumba, amevusha vipuri, amevusha mayai, na mara moja alivusha sanamu ya mtakatifu iliyozuiwa forodhani kwa sababu haikueleweka ni samani au ni vifaa vya ujenzi. Siku hizi kazi imehamia kwenye kompyuta na yeye amebaki na koti, mkoba na sauti. Aliketi kwenye kiti changu cha mapokezi, akavuka mguu.

"Sista, hii ni mali."

"Bro, hii ni jela. Husikii redio?"

"Jela ni ya mtu asiye na makaratasi. Mimi makaratasi ndiyo kazi yangu. Wewe niambie tu, malkia namjuaje?"

Nilimwambia yote, kiuno, kifua, mabawa. Alitikisa kichwa kwa heshima, akaenda akafanya kinyume. Taa za mpakani zinavuta kila kinachoruka, na jioni baada ya mvua alikuwa anazunguka chini ya nguzo na sufuria, akiokota wenye mabawa tu. Waliokwisha kuyaacha aliwatupa. Nilimwona kwa macho yangu akimtupa malkia mzuri sana, mweusi, mnene, aliyetembea kwa madaha. Nikapiga kelele.

"Huyo uliyemtupa ndiye!"

"Huyu? Sista, malkia bila mabawa ni malkia wa wapi? Hata askofu ana kofia."

Sufuria hiyo aliipeleka nyumbani Adungosi, ambako mke wake anaishi na mama yetu, akaiweka jikoni imefunikwa, akaenda kuoga. Wifi yangu alifunua. Sasa, mwanamke wa Adungosi akikuta sufuria imejaa vitu vyenye mabawa msimu wa mvua, hahitaji maelezo: ni kumbikumbi wa kula. Wifi aliwamwaga kwenye kikaango, akawakaanga, akawaanika, akawapeta kwenye ungo mpaka mabawa yote yakaruka, akatia chumvi. Kaka alipotoka kuoga alikuta shehena yake iko kwenye bakuli.

"Hawa wako ni wachachu," wifi akamwambia. "Kwani ulinunua kwa nani? Amekuibia."

Tangu siku hiyo kaka akaanza kuniamini. Alikuja Malaba mnyonge, akasema, "Haya, nifundishe tena hiyo ya makovu." Nikamfundisha. Na mwanafunzi wangu akaelewa somo, na hapo ndipo balaa ilipoanzia, kwa sababu Jumapili iliyofuata, mvua ikiwa imetoka kunyesha, alimwona malkia wa kweli, asiye na mabawa, akipanda kichuguu cha mama na kutafuta ufa.

Hapa inabidi nisimame nieleze, maana msomaji wa mjini atasema kichuguu ni rundo la udongo. Si rundo la udongo. Kwetu kichuguu cha kumbikumbi kina mwenyewe, na mwenyewe huyo si lazima awe mwenye shamba. Watu wameuza ekari zao wakabaki na kichuguu katikati, na mvua ikija wanarudi na beseni, na mnunuzi anawapisha na kuwasalimu. Ukichukua kumbikumbi wa kichuguu cha mtu ni kama umeingia ghalani kwake. Cha mama kiko nyuma ya nyumba, kirefu kunipita, na alipewa na mama mkwe wake, aliyepewa na mama mkwe wake, huko nyuma ambako majina yameisha.

Baba alipofariki, shamba liliandikwa jina la kaka. Nyumba anayokaa mama alijenga kaka. Ng'ombe ni wa kaka, hata kuku ukiuliza utaambiwa ni wa wajukuu. Mama anakula, anavaa, hapigwi na mvua, na hana kitu chochote ambacho mtu lazima amwombe yeye. Ila kichuguu. Hicho kilikuwa chake, na kila mtu alijua.

Kaka alimkamata yule malkia akamleta Malaba kwenye chupa, amefungwa vizuri, matundu kwenye kifuniko. Nilimtoa nikamweka kwenye sahani nyeupe. Nikampima kwa rula. Nikamgeuza. Kifua kimevimba, kinundu kimoja, makovu manne, safi kabisa.

"Ni yeye," nikasema. "Lakini sikiliza..."

"Asante."

"Bro, sikiliza! Huyu si wa pale. Amepita tu. Chungu seremala anakaa kwenye mbao, kwenye magogo, kwenye milango yangu. Mle kichuguuni ni mchwa."

"Malkia hawezi kwenda mbali na ikulu," akasema kaka, na akasimama akafunga koti. Alikuwa ameshasikia maneno mawili aliyoyataka. Ni mtu wa kusoma mstari wa juu na wa mwisho. Ndivyo alivyopitishia mizigo maisha yake yote.

Kwanza alijaribu kwa amani, yaani kwa kelele. Kumbikumbi wetu wengine hutoka ukiwapigia. Unafunika kichuguu kwa matawi na mablanketi, unaacha tundu moja la kutokea, unapiga fimbo juu ya gogo polepole na kwa kurudiarudia, nao kule ndani wanadhani ni mvua, wanatoka. Ni kazi ya akina mama, na ina nyimbo zake. Kaka aliona kwamba kinachomtoa kumbikumbi kitamtoa chungu pia. Akaita wapigaji wanaume, wale wa matanga, wakaja na ngoma kubwa. Wakaja pia madereva kadhaa waliochoka kukaa foleni Malaba, wakaketi kwenye nyasi kama wako uwanjani. Naibu chifu akaja pia, na alipoulizwa amekuja kufanya nini akasema amekuja kwa ajili ya usalama.

Mama alikaa mlangoni pake. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Nasikia alisema neno moja tu, "Si siku yao," na hakuna aliyemsikiliza.

Walipiga ngoma mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Walipochoka, katika tundu wakatoka mchwa askari wachache wenye hasira, mjusi mmoja, na chura. Naibu chifu alimtazama chura muda mrefu, akauliza kama huyo naye hana soko.

"Wamejificha," kaka akasema. "Kesho tunachimba."

Mama akanipigia simu. Mama hapendi simu. Anaishika mbali kama kitu cha moto na anasema maneno yale tu yanayotakiwa. "Njoo," akasema. Nikafunga loji, nikapanda boda, na njia nzima hadi Adungosi nilikuwa nazungumza peke yangu kwa sauti mpaka mwendeshaji akaniuliza kama namtukana yeye.

Nikakuta watu. Wachimbaji wawili na sururu zao, majirani, naibu chifu yuleyule na usalama wake. Kichuguu kimekwisha kuvuliwa matawi, kimesimama wazi. Kila mtu pale alijua kwamba ukichimba mpaka chini utamtoa malkia wa mchwa, yule mweupe mnene asiyeweza hata kutembea, na akitoka yeye kichuguu kimekufa. Hakitoi tena. Kinabaki udongo wa kukandika nyumba. Kaka alijua pia, kwani alizaliwa hapo, lakini alikuwa na ile sura ya mtu aliyekwisha kuhesabu faida.

"Mtaalamu amefika," akasema naibu chifu. "Tumsikilize mtaalamu."

Wakanipa ile chupa. Nilitamani kusema ni mende. Wallahi nilitamani. Lakini kaka alikuwa anakijua kiuno kile sasa kama mimi, na uongo wangu ungefika wapi? Nikainua chupa watu waone.

"Ni malkia wa chungu seremala, wa kweli," nikasema. Wachimbaji wakashika mipini. "Ngojeni! Sijamaliza, mnakimbilia wapi? Huyu si wa hapa. Ametoka kwao, ameruka, ameshuka, amevunja mabawa yake mwenyewe ili asirudi. Alikuwa anatafuta ufa wa kuzalia. Hata chakula hana; anajilisha kwa misuli yake mwenyewe mpaka watoto wa kwanza wakue. Mkichimba hamtakuta wenzake. Hana wenzake. Yuko peke yake."

"Kwa hiyo," akasema naibu chifu, akikunja uso kama mtu anayeandika hukumu, "ameingia peke yake kwenye boma la watu wengine?"

"Ndiyo."

"Kama mimi nilivyokuja," mama akasema kutoka mlangoni.

Wanawake wakacheka. Kaka naye akacheka kidogo, akidhani mama ameleta mzaha. Kisha akageuka akamwambia kwa upole, na huo upole ndio ulionikera zaidi, upole wa mtu anayekuvusha barabara.

"Mama, usiwe na wasiwasi. Huyo ni mgeni, haya, lakini lazima tuhakikishe. Na kwani kuna tatizo gani? Shamba ni langu, hati ina jina langu. Kichuguu chenyewe mwisho si kitakuwa changu tu? Mimi ndiye mrithi. Tunaharakisha tu."

Tunaharakisha tu! Nilifungua mdomo nimpe maneno ambayo yangetukosanisha mpaka kaburini, lakini mama alikuwa ameshasimama. Alikuja polepole, akavua patapata zake miguuni, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kichuguu na kuweka mkono wake juu yake.

"Kichuguu hiki hakijawahi kuwa cha mwanamume," akasema. "Hata baba yako aliomba. Alikuwa anakuja na bakuli, anasimama pale."

"Mama, siku hizi..."

"Nyamaza, baba." Halafu akaita, "Mama watoto! Kuja hapa."

Wifi yangu alikuwa jikoni. Katika mambo haya yote hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu, tangu lile bakuli la wachachu. Alitoka akijifuta mikono kwenye leso, akawaona watu wote wanamtazama, akadhani kuna aliyekufa. Mama akabandua udongo mbichi pale juu, donge la kama yai, akamshika wifi mkono, akamwekea donge kiganjani na kumfunga vidole. Ndivyo mama naye alivyofanyiwa na mama mkwe wake. Kwa kawaida jambo hilo hufanywa mwenye kichuguu akiwa mgonjwa, kitandani, akijua anakwenda. Udongo huletwa kwake kwenye kikapu. Mama alikuwa mzima, amesimama kwa miguu yake.

Wifi akapiga magoti. Wanawake hawakucheka tena. Mmoja akasema "Eee!" kwa sauti ya chini, basi.

"Ni chako," mama akamwambia. "Leo. Si kesho."

Wifi alikaa pale chini kidogo, kichwa kimeinama. Halafu akainuka. Donge bado liko mkononi. Akamtazama mume wake, na mimi niliyemjua kwa miaka mingi, mpole, wa kusema "sawa" kabla hujamaliza kuuliza, sikuwahi kuiona sura ile.

"Baba watoto," akasema, "hizo sururu warudi nazo."

Kaka akatazama huku na huku. Hati ilikuwa na jina lake, mkoba ulikuwa na makaratasi, na hakuna hata karatasi moja ya kumsaidia. Mama yako unaweza kumkosea. Mama husamehe kabla hujamaliza kukosa. Lakini mke ndiye anayekupakulia ugali, na ana kumbukumbu. Wachimbaji walikuwa watu wa ndoa, walielewa haraka kuliko yeye. Waliweka sururu begani wakaondoka bila kuaga.

"Basi usalama upo," akasema naibu chifu, akavaa kofia yake.

Yule malkia nilimwachia mimi mwenyewe kwenye gogo bovu karibu na mto, mbali na mlango wa mtu yeyote. Kaka alinisindikiza, na njiani akaniuliza kama chura kwa kweli hana soko. Nilimwambia asiniongeleshe.

Nilirudi Malaba nimefurahi. Nikamsimulia kila mteja, nikiigiza sauti ya naibu chifu, nikiigiza kaka alivyokodoa macho. Nilisema mama yangu ni mwanasheria kuliko mawakili wote wa Busia. Kichuguu kimepona, nilisema, na kila niliposema hivyo nilijisikia mkubwa.

Mvua ndefu zilipoanza nilikwenda Adungosi kula kumbikumbi. Nilimkuta mama ameketi mlangoni. Nikavuta kigoda nikakaa naye. Siku kama hiyo, miaka yote niliyoijua mimi, mlango huo haukupata nafasi kwa watu: huyu anauliza kama leo watatoka, yule anaomba aje na kibeseni chake. Habari ya shamba walimuuliza kaka, ya ng'ombe walimuuliza kaka. Hii walimuuliza yeye. Sasa walipita mbele yetu wakasema, "Habari ya mchana, Mama," wakaenda moja kwa moja jikoni kwa wifi. Hakuna aliyemkosea. Ndivyo inavyotakiwa. Mama aliitikia kila salamu, kisha akarudi kutazama mawingu akiwa amefunga mdomo, na mimi nilijua kwamba anaijua saa watakayotoka.

Wakatoka. Wifi alipiga fimbo vizuri, taratibu, kama alivyomwona mama akipiga, na kumbikumbi wakafurika kwenye tundu mpaka watoto wakapiga vigelegele. Mama hakusogea. Kichuguu cha mtu hukikaribii mpaka uitwe, na wifi, maskini, mikono yote miwili ndani ya beseni, watu wamemzunguka, alikuwa hajakumbuka kuita. Nilitaka kwenda kumnong'oneza. Mama akanishika gauni. "Kaa," akasema.

Tukakaa. Harufu ya kukaanga ikatufikia. Sikuwa na hasira na wifi. Nilikuwa na hasira na kaka, na nilimhurumia mama yangu kuliko siku tuliyomzika baba.

Kisha kaka mwenyewe akatoka jikoni, bakuli mkononi, mdomo unatafuna, amefurahi, amesahau yote. Akatuona.

"Mama! Mbona umekaa huku mbali? Karibu, karibu. Chukua, usione haya."

Mama alimtazama.

"Asante, baba," akasema. Akapangusa mkono kwenye leso yake, akachota wachache kwa ncha za vidole, akaanza kula mmoja mmoja.